Data Nayo Ina Uzito

Kwa miaka mingi nimeishi na mapenzi mawili ambayo wengi huona hayana undugu: roketi, na ulinzi wa taarifa za watu kwenye kompyuta. La kwanza nililianza kijana, nikiwa kwenye kikundi cha watu waliokuwa wakitengeneza roketi ndogo na kuzirusha uwanjani. La pili ndiyo kazi yangu. Kadiri ninavyoendelea na kazi hii, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba roketi zilinifundisha faragha kuliko kozi yoyote niliyowahi kusoma. Zilinifundisha kupima uzito.

Mwaka 1903 mwalimu wa shule wa Kirusi, Konstantin Tsiolkovsky, alichapisha mlinganyo ambao hadi leo hakuna mhandisi wa roketi anayeukwepa. Kasi ambayo roketi inaweza kuipata inategemea mambo mawili: kasi ya gesi inayotoka nyuma, na uwiano kati ya uzito wa roketi ikiwa imejaa mafuta na uzito wake mafuta yakishaisha. Ukiongeza mzigo kidogo, unahitaji mafuta zaidi ya kuubeba. Mafuta hayo nayo yana uzito, kwa hiyo yanadai mafuta mengine ya kuyabeba, na tangi kubwa zaidi la kuyaweka. Ili chombo kikae kwenye obiti ya karibu na dunia kinahitaji kasi ya kilomita 7.8 hivi kwa sekunde, na kasi hiyo haina njia ya mkato. Saturn V iliyowapeleka watu mwezini ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900 ikisubiri kuruka. Kilichoelekea mwezini kilikuwa tani 45 hivi, na kilichorudi kutua baharini na wanaanga watatu ndani yake kilikuwa chombo cha tani tano tu.

Ndiyo maana wahandisi hao hupima hata rangi. Lile tangi kubwa la nje la Space Shuttle, chombo cha Marekani kilichowapeleka wanaanga kwenye obiti na kuwarudisha, lilipakwa rangi nyeupe katika safari mbili za mwanzo, mwaka 1981, ili kulikinga povu lake na mionzi ya jua. Baadaye wakajiridhisha kwamba povu halihitaji kinga hiyo. Kuanzia safari ya tatu, mwaka 1982, tangi likawa linaruka bila kupakwa, na rangi ile ya machungwa tunayoikumbuka wote ni rangi ya povu lenyewe. Kilo 270 hivi zikaondoka. Rangi peke yake!

Kikundi chetu kilikuwa na mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, ambaye sote tulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha shuleni. Kabla ya kukuruhusu kurusha, angeichukua roketi yako, ailaze juu ya kidole kimoja na kuisogeza polepole mpaka isimame sawa bila kuegemea upande, kisha atie alama ya penseli pale. Hicho ndicho kitovu cha uzito. Roketi ndogo ikiwa nzuri, kitovu hicho huwa mbele ya mahali ambapo nguvu za hewa zinakutana, kwa umbali wa angalau kipenyo kimoja cha mwili wake. Kikirudi nyuma, roketi ikitoka kwenye reli inayumba, inapinda, na inaweza kuwarudia watazamaji.

Akishatia alama, Mwalimu alianza kugusa kitu kimoja kimoja. Pezi. Pete ya ndani. Donge la gundi lililokauka kwenye shina la pezi. Kila akigusa aliuliza swali lilelile: "Hiki kinafanya kazi gani?" Kijana mmoja alimjibu kwamba ameongeza gundi nyuma ili roketi iwe imara.

"Imara dhidi ya nini?" Mwalimu akauliza.

Kijana akanyamaza. Mwalimu akampa msasa, naye akakaa pembeni kusugua. Aliporudi, alama ya penseli ilikuwa imesogea mbele kwa upana wa kidole.

Nilipoingia kwenye kazi ya kujenga na kutunza mifumo ya kompyuta nilikuta mahali ambapo hakuna aliyeuliza swali hilo. Data haipimwi kwa mizani. Ukiongeza sehemu moja ya kujaza kwenye fomu ya usajili, hakuna injini inayolemewa wala tangi linalopanuliwa. Diski zinashuka bei na kuongezeka ukubwa. Kwa hiyo huduma ambayo ingetosheka na jina na namba ya simu inakudai tarehe ya kuzaliwa, jinsia, anuani, jina la mwajiri, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na ruhusa ya kujua uliko saa zote. Kila nilipouliza kitu fulani kinafanya kazi gani, jibu lilikuwa moja: tutakihitaji baadaye.

Sijasahau siku niliyopewa kazi ya kuhamisha mafaili kutoka seva ya zamani kwenda mpya na nikafungua folda la picha za vitambulisho. Kuhamisha tu hakukuhitaji nizitazame, lakini ilinibidi nihakikishe kwamba hazijaharibika, hivyo nikafungua chache. Moja ilikuwa imepigwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua, kidole gumba kimeshika pembe ya kadi, na mwanga wa dirisha ukikata uso wa mwenye kadi katikati. Nyingine ilikuwa ya kijana aliyeishika kadi kando ya uso wake kama alivyoagizwa, nyuma yake mtoto mdogo akichungulia kwenye fremu. Nilitafuta kumbukumbu za akaunti zao. Wote wawili walikuwa wameshaacha kuitumia huduma miaka mingi nyuma. Picha zilihitajika kwa dakika chache tu za kuthibitisha kwamba mtu ni yeye, kisha zikabaki pale. Mtoto yule hakusaini fomu yoyote.

Nikaandika pendekezo: picha zifutwe mara uthibitisho unapokamilika, na tubaki na rekodi moja tu kwamba ulifanyika, lini, na kwa njia gani. Mwenzangu mmoja wa idara ya data alinijia akiwa na wasiwasi wa kweli.

"Kaka, ukizifuta leo, kesho wakija kuziuliza utasema nini?"

"Nitasema hatuna."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Na mwizi akija nitamwambia hivyohivyo."

Niwe mkweli kwa upande wake pia. Zipo taarifa ambazo sheria inamlazimu mfanyabiashara kuzitunza kwa muda fulani: za kodi, za malipo, za mikopo. Hizo zina kazi, na kazi yake imeandikwa. Tulipokaa na mwanasheria tukapitia safu moja baada ya nyingine, tuligundua kwamba zile zinazodaiwa na sheria ni chache kuliko kila mmoja wetu alivyodhani. Zilizobaki hazikuwa na wa kuzitetea. Pendekezo lilizunguka muda mrefu kabla ya kukubaliwa, na siku tulipofuta hakuna kilichosimama. Hakuna mteja aliyepiga simu. Ripoti zote zilitoka kama kawaida.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona upande wa pili, nikiwa mteja wa kampuni nyingine ambayo taarifa zake zilivuja. Walituandikia barua pepe fupi. Ilisema usalama wetu ni kipaumbele chao na kwamba hawajaona ushahidi wa taarifa zetu kutumiwa vibaya. Haikusema zilivuja vipi, kwa muda gani, wala kwa nini walikuwa bado na rekodi za watu waliokwisha kujiondoa. Shangazi yangu alikuwa mmoja wa hao. Siku moja akanipigia, sauti imebadilika.

"Kuna mtu amenipigia, anasema ni wa benki. Anataka nimsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yangu."

"Umempa, shangazi?"

"Sijampa, mwanangu. Lakini ananijua. Amenitajia majina yangu yote matatu, na siku niliyozaliwa, na namba nne za mwisho za kadi. Sasa asiyekuwa wa benki atayajuaje hayo?"

Swali lake ndilo kiini cha wizi wa siku hizi. Tunawaambia watu wasiwaamini wasiowajua, halafu tunatawanya taarifa zao mpaka asiyewajua anafanana na anayewajua. Tarakimu zile sita zilikuwa ufunguo wa akaunti yake, na taarifa zilizovuja zilikuwa njia ya kumlainisha azisome. Nilimwambia akate simu, kisha aipigie benki mwenyewe kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake. Benki hawakuwa na habari na simu ile. Tangu hapo tumekubaliana katika familia kwamba yeyote anayetuomba tarakimu zilizoingia kwa ujumbe, hata ajitambulishe vipi, tunamkatia simu, kisha sisi wenyewe tunaitafuta ofisi husika.

Wapo watakaosema dawa ni kuondoa majina. Taarifa zibaki, mradi jina halipo. Mwanasayansi wa Marekani Latanya Sweeney aliionyesha hatari ya wazo hilo miaka ya 1990, alipochukua rekodi za hospitali zilizotolewa bila majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akazipata rekodi za matibabu za gavana wa Massachusetts wa wakati huo, William Weld. Mwaka 2000 alikadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 87 ya Wamarekani. Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja ambacho mtu angekiita siri. Mwishoni mwa 2017 Strava, programu ya wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilichapisha ramani ya dunia nzima ikionyesha kwa mwanga mahali watu wanapofanyia mazoezi. Haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Januari 2018 watu walioitazama kwa makini waliona mistari ya mwanga katikati ya jangwa, ikizunguka kambi za kijeshi. Askari walikuwa wakikimbia asubuhi na saa zao mkononi.

Ndiyo sababu ninaiheshimu kanuni moja iliyomo katika GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Mei 2018: kusanya kile tu kinachohitajika kwa kusudi ulilolitaja, na usikikalie kuliko kusudi hilo linavyohitaji. Ni swali la Mwalimu lililopewa meno ya kisheria.

Roketi pia zilinionyesha kwamba kitu kisicho na kazi hakikai kimya. Tarehe 4 Juni 1996 Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa na satelaiti nne za utafiti za mradi wa Cluster. Sekunde 40 hivi baadaye ilikuwa vipande vinavyoanguka. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilitoa ripoti yake mwezi uliofuata, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Kifaa cha kupimia mwelekeo kilitumia programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya kusawazisha vipimo kabla ya kuruka. Baada ya kuruka haikuwa na kazi yoyote kwenye Ariane 5, ila iliachwa iendelee kwa sababu kwenye roketi za zamani ilikuwa hivyo na haikuwahi kuleta matatizo. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande. Namba moja ya biti 64 ikashindwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, programu ikasimama, na kompyuta kuu ikapokea ujumbe wa hitilafu ikaufasiri kuwa ni vipimo vya safari. Roketi ikageuka ghafla, hewa ikaivunja, nayo ikajilipua.

Nimesoma ripoti hiyo mara nyingi, na kila mara ninasimama palepale: sehemu iliyoiangusha roketi ilikuwa haifanyi kazi yoyote.

Miaka 18 baadaye, Aprili 2014, dunia ilitangaziwa kasoro iliyopewa jina Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti. Kasoro ilikaa kwenye kipengele kidogo cha kuhakikisha kwamba mashine mbili bado zinawasiliana: moja inatuma neno pamoja na idadi ya herufi zake, nyingine inalirudisha. Seva haikuhakiki idadi hiyo. Ukituma herufi moja na kudai ni maelfu, ilikujazia pengo kwa chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake, hadi kilobaiti 64 kwa mara moja, na humo mngeweza kuwa na maneno ya siri ya watu au hata ufunguo wa seva yenyewe. Kilikuwa kimewashwa tangu toleo la 2012 bila kusubiri mtu akiombe. Ambaye hakuweza kusasisha mara moja alishauriwa kuijenga upya programu bila kipengele hicho, na mawasiliano yaliendelea vizuri.

Kati ya mikasa hii miwili kuna tofauti inayoniumiza. Roketi huanguka mbele ya kamera. Challenger, mojawapo ya zile Space Shuttle, ilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, tarehe 28 Januari 1986, wanaanga saba wakafa, na mamilioni wakaona. Haikuwezekana kuficha. Tume ikaundwa. Mjumbe wake mmoja, mwanafizikia Richard Feynman, akakichovya kipande cha mpira wa pete ya kuzibia maungio ya injini za pembeni kwenye maji ya barafu mbele ya waandishi, ikaonekana wazi kwamba kwenye baridi mpira ule unachelewa kurudi kwenye umbo lake. Ikajulikana pia kwamba usiku wa kuamkia safari wahandisi wa kampuni iliyotengeneza injini hizo za pembeni, Roger Boisjoly akiwa mmoja wao, walipinga kurushwa kwa chombo kwenye baridi ile, na wakuu wao wakawapita. Haya yote yamechapishwa. Mwanafunzi wa leo anayasoma na kujua pa kuangalia.

Data ikivuja hakuna moshi. Mwenye seva anaweza asijue kwa miezi. Akijua, anaandika barua kama ile niliyopokea mimi, na chanzo kinabaki kwenye kabati lake. Kampuni inayofuata inajenga kosa lilelile kwa sababu haikuambiwa kitu. Naamini kabisa kwamba uvujaji unaogusa watu wengi unapaswa kuchunguzwa na chombo huru na ripoti yake itolewe hadharani, kama ilivyo kwa ajali za ndege. Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba ripoti ya namna hiyo itawafundisha wadukuzi. Wadukuzi wameshajua, ndio waliovunja. Wasiojua ni mafundi wa kampuni nyingine na watu waliovunjiwa.

Kuhusu serikali na usimbaji fiche, yaani kuufunga ujumbe ili asiye na ufunguo asiweze kuusoma, nina msimamo ambao nimeupima kwa muda mrefu. Roketi na usimbaji fiche viliwahi kukaa kwenye orodha moja ya silaha huko Marekani, ambazo haziuzwi nje bila kibali. Phil Zimmermann alipoiachia programu yake ya PGP mwaka 1991 ili mtu wa kawaida aweze kufunga barua pepe zake, alichunguzwa kwa miaka mitatu kwa tuhuma za kuivusha silaha mipaka, hadi shauri likafungwa mwaka 1996 bila mashtaka. Naelewa polisi wanapoomba mlango wa nyuma, yaani njia maalumu ya kuufungua ujumbe uliofungwa. Anayemtafuta mtekaji wa mtoto ana haraka ya haki, na sitamdharau. Lakini mlango huo ni mzigo unaobebwa na kila simu, ya mhalifu na ya asiye mhalifu, na mlango hauwezi kumtambua anayeufungua. Ugiriki waliyaona. Mwaka 2004 na 2005 watu ambao hadi leo hawajafikishwa mahakamani waliutumia mfumo halali wa kunasia simu uliokuwa ndani ya mitambo ya mtandao mmoja, wakasikiliza simu zaidi ya 100, ikiwemo ya waziri mkuu. Kilichowekwa kwa ajili ya mamlaka kilitumika kuwasikiliza wenye mamlaka.

Ningependa nisieleweke kwamba kila kitu kipunguzwe. Roketi hubeba vifaa vya akiba kwa makusudi, na mwenye data lazima awe na nakala rudufu. Ariane 5 ilikuwa na vifaa viwili vya kupimia mwelekeo, cha kazi na cha akiba. Cha akiba kilisimama kwanza, na cha kazi kikafuata baada ya chini ya sekunde, kwa sababu vyote viwili vilikuwa na programu ileile yenye kasoro ileile. Akiba inayokufa kwa ugonjwa mmoja na mwenziwe haijaokoa kitu. Nimewaona watu wenye nakala rudufu kwenye diski iliyochomekwa saa zote kwenye kompyuta ileile; programu ya utekaji, ile inayofunga mafaili na kudai fidia, ikiingia inafunga vyote kwa pamoja. Nakala yangu ya familia iko sehemu mbili, na mojawapo haijaunganishwa na mtandao wowote isipokuwa wakati wa kunakili. Mara kwa mara ninajaribu kurejesha faili kutoka humo, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kurejeshwa siwezi kusema ninayo.

Mengine ninayoyafanya ni machache. Neno la siri halijirudii kwenye akaunti mbili. Programu ya kutunzia inayakumbuka yote, mimi nakumbuka moja refu la maneno kadhaa. Kwa akaunti muhimu natumia hatua ya pili isiyopitia ujumbe wa simu, maana laini inaweza kuhamishwa na tapeli mwenye maneno matamu. Sasisho likija nalipokea bila kungoja. WannaCry, programu ya utekaji, ilipovamia mashine katika nchi zaidi ya 150, Mei 2017, ikiwemo mifumo ya hospitali za Uingereza, kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Na nikikutana na fomu ninaacha wazi kila nafasi inayoruhusu kuachwa wazi.

Kwa sasa nina mjadala kazini ambao haujaisha. Wamependekeza wateja waingie kwa alama za vidole, na alama hizo zihifadhiwe kwenye seva yetu. Hoja ya urahisi naikubali. Shangazi yangu angefurahi kutolazimika kukumbuka neno lolote. Ninachokipinga ni mahali pa kuhifadhi. Neno la siri likiibwa unalibadilisha jioni hiyohiyo. Kidole hubadilishi. Mwaka 2015 ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani ilikiri kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 zilichukuliwa na wadukuzi, na watu hao wataishi na vidole hivyo maisha yao yote. Njia nyingine ipo na imeshazoeleka: alama inabaki ndani ya simu ya mwenyewe, kwenye chipu iliyotengwa, na kazi yake ni kufungua ufunguo wa siri ulio humohumo. Seva inatunza nusu ya pili tu ya ufunguo, ile ya hadharani. Akiiiba mtu, hawezi kuitumia kuingia popote.

Nimeiandika hoja hiyo kwenye kurasa mbili na mchoro, nimeiambatanisha na orodha ya kila tunachokitunza kuhusu mteja leo, na mbele ya kila kimoja nimeacha nafasi ya mhusika kuandika kazi yake na tarehe ya kukifuta. Kikao ni wiki ijayo. Idara mbili zimeshajaza zao, na kati ya vitu walivyovijaza, kadhaa wameviwekea tarehe ya mwezi huu.